Likoni Haioni Kisauni: Kutafuta Hitilafu za Njia Katika Mtandao wa Kitovu na Matawi

Somo hili ni la kijana anayetunza kompyuta za zahanati, shule, chama cha akiba au duka lenye matawi hapa Mombasa bara. Ni la mkubwa wake pia, anayemlipa na kumuuliza kwa nini kazi imesimama. Malalamiko kwa kawaida hufika kwa simu: "Mtandao umeenda." Ukiuliza umeenda wapi, hujibiwi. Mara nyingi haukwenda popote. Taa za ruta zinawaka, barua pepe zinafunguka, lakini mhudumu wa Likoni hawezi kufungua faili iliyoko Kisauni, na mgonjwa aliyepimwa ng'ambo ya pili anaambiwa arudi kesho. Hiyo ni hitilafu ya njia. Kuzima na kuwasha mashine hakuiponyi, au huiponya kwa saa moja tu.

Tazama ramani ya mji wetu. Kisiwa kiko katikati. Mtu wa Kisauni huingia kwa Daraja la Nyali, wa Changamwe hupitia Makupa, wa Likoni hupanda feri. Anayetoka Kisauni kwenda Likoni hukatiza kisiwani hata kama hana shughuli yoyote huko. Mitandao ya ofisi zenye matawi hujengwa kwa mtindo huo huo. Makao makuu ndiyo kitovu. Kila tawi lina handaki moja la data linaloishia kitovuni, limepitishwa juu ya intaneti ya kawaida na kufungwa kwa siri ili watu wa nje wasisome. Matawi yenyewe hayajaunganishwa. Uzuri wake ni kwamba kuongeza tawi la nne ni kuongeza handaki moja tu. Ubaya wake anaujua yeyote aliyewahi kusimama kivukoni saa kumi na moja jioni.

Ruta hazizaliwi zikijua njia. Huambizana: "Mimi nina mtandao fulani, ukiutaka nipitie mimi." Kanuni za mazungumzo hayo huitwa itifaki za uelekezaji. Utakazokutana nazo ni RIP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1988, EIGRP iliyoanzia kwa kampuni ya Cisco, OSPF ambayo toleo lake la pili linafuata waraka wa mwaka 1998, na BGP inayotumiwa na watoa huduma wakubwa. Nyingi kati ya hizo huchukulia kwamba ruta zilizo kwenye kiungo kimoja zinasikizana zote, kama watu walioketi baraza moja. Katika mtandao wa kitovu na matawi hali si hiyo. Kitovu kinamsikia kila mtu, lakini Likoni haimsikii Kisauni. Karibu matatizo yote yaliyo hapa chini yanatokana na tofauti hiyo moja.

Kwanza, je, ni mji mzima?

Usifungue ruta kabla ya kuuliza jirani. Intaneti yetu huingia nchini kwa kebo za chini ya bahari zinazotua hapa hapa Mombasa. TEAMS na SEACOM zilianza kazi mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na bandari yetu. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kusini, karibu na Afrika Kusini, na watu wakaona kasi imeshuka huku Kenya. Siku kama hizo huna la kurekebisha. Lakini kebo ikikatika, kila mtu analia. Tatizo likiwa la tawi lako peke yake, au la njia moja kati ya tawi na tawi, usiisingizie bahari.

Tuchukue ofisi ya kubuni. Kitovu kiko kisiwani, handaki lake lina anwani 10.0.0.1. Likoni ni 10.0.0.2 na kompyuta zake ziko katika mtandao 10.20.2.0. Kisauni ni 10.0.0.3 na 10.20.3.0. Changamwe ni 10.0.0.4 na 10.20.4.0. Likoni inalalamika.

Panda ngazi hatua moja moja. Ukiwa kwenye ruta ya Likoni, piga ping kwa anwani ya intaneti ya kitovu, ile ya nje. Isipojibu, tatizo ni la mtoa huduma au waya, au kuna ukuta wa ulinzi unaozuia ping. Ikijibu, piga ping 10.0.0.1. Isipojibu, handaki halijasimama. Tafuta nywila ya siri isiyolingana au anwani iliyobadilika. Ikijibu, uliza kama ruta mbili zinatambuana kama majirani: show ip ospf neighbor au show ip eigrp neighbors. Jirani akiwepo, tazama jedwali la njia kwa show ip route na utafute 10.20.3.0. Ikiwepo, nenda ukatazame jedwali la Kisauni.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu wengi huiruka, na binafsi ningependa iandikwe kwa rangi nyekundu ukutani. Data ni barua inayotaka jibu. Likoni inaweza kuijua njia ya Kisauni vizuri kabisa, barua ikafika, na Kisauni ikawa haijui njia ya kurudisha jibu. Kwa mtu wa Likoni hali hizo mbili hazina tofauti: kimya. Kwa hiyo kila uchunguzi ufanywe pande zote mbili.

Kitovu kinachonyamaza

Sasa tuseme kitovu kinaziona njia zote tatu, lakini jedwali la Likoni lina njia za kitovu pekee. Kisauni haimo, Changamwe haimo. Kama mnatumia RIP au EIGRP, mshukiwa wa kwanza ni kanuni ya upeo uliogawanywa. Inasema hivi: habari uliyoipata kupitia mlango fulani usiitangaze tena kupitia mlango huo huo.

Kanuni hiyo ina busara yake. Tuseme mtandao wa Kisauni umezimika. Kitovu kinajua. Kama Likoni ingekuwa na ruhusa ya kurudisha habari, ingesema, "Mimi naijua njia ya Kisauni," bila kukumbuka kwamba iliisikia kwa kitovu chenyewe. Kitovu kingeamini, kiongeze hatua moja, kiitangaze, Likoni nayo iongeze moja, na uvumi ungezunguka ukikua. Katika RIP, ambayo hutangaza kila sekunde 30, mchezo huo huisha hesabu inapofika 16, kwa kuwa 16 maana yake ni "hapafikiki". Wakati huo wote data inarushwa huku na huku kama mpira.

Tatizo ni kwamba mahandaki yote matatu, kwa mtindo unaotumika sana siku hizi, huingia kitovuni kupitia mlango mmoja wenye ncha nyingi. Kitovu kinasikia habari za Kisauni kwenye mlango huo, na Likoni iko nyuma ya mlango huo huo. Kanuni inakifunga mdomo. Dawa ni kuiondoa kanuni kwenye mlango wa handaki wa kitovu, na hapo tu. Kwa EIGRP yenye namba 100 amri ni no ip split-horizon eigrp 100. Usiiguse kwenye matawi. Huko inafanya kazi njema.

Ipo dawa nyingine ninayoipenda zaidi ofisi ikiwa ndogo. Kitovu kitangaze njia moja ya jumla, 10.20.0.0 yenye biti 16, yaani "chochote kinachoanza na 10.20 nileteeni mimi." Likoni haihitaji kujua Kisauni iko wapi, kama vile abiria wa feri asivyohitaji kujua matatu ya Bamburi inapita mtaa gani. Jedwali linabaki dogo na tawi jipya halibadilishi kitu. Tena, kwa EIGRP, yafanye matawi yawe vituo vya mwisho kwa amri eigrp stub, ili mtandao mmoja ukipotea kitovu kisianze kuyauliza matawi yote njia ambayo hayana.

Majirani wanaopokezana

OSPF haina kanuni hiyo ndani ya eneo moja, kwa hiyo ina ugonjwa wake. Dalili yake huwachanganya hata mafundi wazoefu: Likoni ikipanda, Kisauni inashuka, Kisauni ikirudi, Likoni inaanguka. Tawi moja tu ndilo huwa hai kwa wakati mmoja. Hapo tazama aina ya mtandao iliyowekwa kwenye handaki la kitovu. Ruta nyingi za Cisco huchukulia kwamba handaki ni kiungo cha watu wawili, hata likiwa na ncha nyingi. Kitovu kinapotarajia jirani mmoja na kikapata watatu, humfukuza mmoja kumpokea mwingine.

Badilisha aina ya mtandao, lakini badilisha pande zote. Ukikiweka kitovu kwenye aina ya nukta moja kwa nukta nyingi na kuyaacha matawi yalivyo, saa zao zitapishana: aina hiyo husalimia kila sekunde 30 na kumhesabu jirani amekufa baada ya 120, wakati ile ya watu wawili husalimia kila 10 na kungoja 40. Zisipolingana, ujirani haupo. Ukiweka ya utangazaji upande mmoja na ya watu wawili upande wa pili, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu saa zinalingana. Ujirani utasomeka FULL, utafurahi, na njia hazitaingia kwenye jedwali hata moja. Ukikuta FULL bila njia, anzia hapo.

Kama mmechagua aina ya utangazaji, OSPF itachagua mratibu miongoni mwa ruta, na mratibu huyo lazima awe kitovu, kwa kuwa ndiye pekee anayewasikia wote. Yape matawi kipaumbele sifuri. Kuipa ruta ya kitovu kipaumbele kikubwa hakutoshi: umeme ukikatika kisiwani na tawi likashika uratibu, kitovu kikirudi hakimnyang'anyi. Mtandao uliofanya kazi miezi sita huvunjika siku hiyo, na kila mtu anaapa kwamba hakuna aliyegusa kitu. Kweli hakuna aliyegusa.

Jirani akikwama kwenye INIT, salamu zinapita upande mmoja tu. OSPF husalimia kwa anwani ya kundi, 224.0.0.5, na EIGRP kwa 224.0.0.10. Ping ya kawaida haitumii anwani hizo, kwa hiyo ping hufanikiwa huku salamu zikipotea. Hakikisha handaki limeelekezwa kupitisha pia mawasiliano ya kundi, kutoka tawi kwenda kitovu na kutoka kitovu kwenda tawi. Akikwama kwenye EXSTART, tazama ukubwa wa pakiti. Pakiti ya kawaida ni baiti 1500. Handaki la aina ya GRE hula 24, zinabaki 1476, na ufungaji wa siri hula zaidi. Pande mbili zikitangaza ukubwa tofauti, OSPF inagoma. Mafundi wengi huweka 1400 pande zote na kuendelea na kazi nyingine. Kosa hilo hilo ndilo hufanya ping ndogo ipite huku ukurasa wa mfumo ukibaki mweupe.

Handaki linalojimeza

Lipo kosa moja ambalo ukiliona mara moja hulisahau. Handaki linasimama, baada ya sekunde chache linaanguka, linasimama tena, siku nzima. Kilichotokea ni kwamba kitovu kimetangaza, ndani ya handaki, njia ya kufikia anwani yake ya nje. Ruta ya Likoni inaiona njia hiyo ni bora kuliko ya mtoa huduma na kuifuata. Sasa ili kulifikia handaki inabidi upite ndani ya handaki. Ni sawa na kumwambia mtu kwamba njia ya kwenda kivukoni ni kupanda feri. Ruta hugundua na kulifunga handaki, njia mbaya inafutika, handaki linasimama, njia inatangazwa tena. Weka kwenye kila tawi njia ya kudumu inayopeleka anwani ya nje ya kitovu kwa mtoa huduma, na kitovu kiache kuitangaza anwani hiyo ndani.

Wenye BGP wana lao. Matawi yote yakiwa na namba moja ya mfumo na kitovu namba nyingine, Likoni itapokea njia ya Kisauni, itaiona namba yake mwenyewe ndani yake, na itaitupa ikidhani ni mzunguko. Yakiwa yote ndani ya namba moja, kitovu lazima kifanywe kiakisi cha njia, la sivyo hakitapitisha habari ya tawi kwa tawi.

Barabara ya Dongo Kundu imempa mtu wa Miritini njia ya kufika upande wa kusini bila kugusa kisiwa. Mitandao ya leo ina mfano wake: kitovu kinayajulisha matawi mawili anwani zao, nayo yanachimba handaki la muda kati yao. Ni jambo zuri kwa simu na video. Lakini usiiwashe huduma hiyo kabla njia ya kupitia kitovuni haijafanya kazi bila kasoro, kwa kuwa njia ya mkato ikiwa mbovu data hupotea huku kila jedwali likionekana safi. Ukiishuku, piga traceroute kutoka kompyuta ya Likoni hadi ya Kisauni mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza 10.0.0.1 itatokea katikati, ya pili haitatokea. Ikiwa ya kwanza inafika na ya pili inafia njiani, umeshajua pa kuchimba.