Kabla hujarudi kwenye kifurushi cha bure, hesabu funguo za duka lako



Somo la leo limenigharimu mimi mwenyewe, wewe lichukue bure.

Nina duka la vifaa vya wachimbaji Kahama na tawi dogo Katoro. Nauza gololi za karasha, mikanda, pampu za maji, kamba, sululu. Wateja wengi ni wa mkopo: anachukua mzigo leo, analipa akishauza dhahabu. Kwa biashara ya hivi, daftari la madeni ndiyo duka lenyewe.

Tulipofika watu saba, niliacha madaftari na magrupu ya WhatsApp, nikahamia programu ya kufanyia kazi pamoja, ya kulipia kila mwezi. Ilinisaidia sana. Kijana wa Katoro anaona stoo na bei ya kuuzia. Mhasibu anaona madeni. Bei ya kununulia naiona mimi peke yangu.

Ikaja masika. Maduara yakajaa maji, kazi ikasimama, mauzo yakashuka. Nikasema nipunguze matumizi. Nikabonyeza kurudi kifurushi cha bure. Ukatokea ujumbe mrefu, nikakubali bila kusoma.

Baada ya siku nne akanipigia mteja wangu mkubwa, mwenye karasha: "Dada, kumbe gololi unazipata kwa bei hiyo? Basi tuongee vizuri." Bei akaitaja mpaka shilingi ya mwisho.

Kumbe kile kifurushi cha bure hakikuwa na ruhusa za mtu mmoja mmoja. Aliyemo ndani anaona vyote. Na ndani alikuwemo bado kijana aliyeacha kazi kwangu miezi mitatu nyuma, akahamia duka la jirani. Sikumtoa kwa sababu alikuwa anaona stoo tu, nikajua hana madhara. Hakuvunja mlango huyo. Niliufungua mimi.

SHIKA HILI: ukilipia programu ya timu hulipii nafasi tu, unalipia na makufuli ya ndani. Ukiacha kulipa, makufuli yanaweza kuondoka huku funguo zikibaki mikononi mwa watu.

Kila programu ina masharti yake. Mifano michache:

• Confluence: kwenye daraja la bure huwezi kupanga nani aone ukurasa upi.
• Trello: bure ni mwisho watu 10 kwenye eneo moja la kazi.
• Slack: bure unaona ujumbe wa siku 90 za nyuma tu.
• Google Drive: akaunti binafsi ya bure ina GB 15, na huwezi kumpa mtu ruhusa inayokwisha yenyewe tarehe fulani. Unamtoa kwa mkono.

Kampuni hubadilisha masharti, hivyo soma yale ya siku unayoshusha kifurushi.

SASA FANYA HIVI, KWA MPANGILIO HUU

1. Andika majina ya wote wenye ufunguo. Chukua karatasi. Waliopo, walioacha kazi, fundi aliyekufungia programu, shemeji uliyemuongeza akusaidie mwezi mmoja. Mbele ya kila jina andika: anaona nini, anaweza kubadilisha nini.

2. Toa watu KABLA ya kushusha. Aliyeacha kazi anatoka leo. Usijitetee kwamba ana ruhusa ndogo, maana hiyo ruhusa ndogo inaweza kuwa kubwa kesho. Angalia pia viungo ulivyowahi kutuma WhatsApp. Faili likiwekwa "yeyote mwenye kiungo anaweza kuona", kumtoa mtu kwenye orodha hakusaidii kitu. Kiungo kinaendelea kufungua.

3. Jua mwenye mali ni nani. Kwenye Google Drive binafsi, faili ni la aliyelitengeneza. Kama orodha ya madeni ilitengenezwa na kijana kwa email yake, faili ni lake, na akilifuta linakuwa limekuondoka. Muombe akuhamishie umiliki, nawe ukubali kwenye email yako. Yafanyike mkiwa bado mnaelewana, siyo siku ya kugombana.

4. Tenganisha siri na kazi. Kifurushi kisipokuwa na makufuli ya ndani, usiweke vitu vyote chumba kimoja. Bei ya kununulia faili lake, na unaliona wewe tu. Madeni faili lake, wewe na mhasibu. Stoo ndiyo iwe ya wote, na kijana anayehitaji kuona tu mpe kuona tu.

5. Pakua nakala. Madeni, namba za wateja, risiti. Weka kwenye kompyuta au flashi inayokaa nyumbani. Ukishashuka, vingine unaweza usivione tena.

6. Ndipo ushushe. Usifanye siku ya gulio huku wateja wamejaa. Programu nyingi zinakuacha utumie mpaka muda uliolipia uishe, kwa hiyo una siku za kujipanga.

7. Jaribu kwa simu ya mwingine. Hatua hii wengi wanairuka. Kwenye simu yako wewe bosi kila kitu kinafunguka, hutajua kitu. Chukua simu ya kijana wa duka, yeye akiwepo, mfungue programu pamoja. Ukiona bei ya kununulia humo, rudi namba 4.

Na jambo la sheria. Majina, namba za simu na madeni ya wateja ni taarifa zao binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Mteja akijua deni lake linasomwa duka la jirani, hatajali kama ilikuwa ni programu. Anakujua wewe.

Mimi yule mwenye karasha nilimpunguzia bei, sikuwa na namna. Nilichookoa kwa kuacha kulipa programu kiliondoka kwenye mzigo mmoja tu. Bado niko kifurushi cha bure na kinanitosha, ila sasa ndani tumo watu watano, na wote nawajua.

Kazi ya leo usiku ukishafunga duka: fungua programu au faili unalotumia, angalia orodha ya walioongezwa. Ukikuta jina usilolitegemea, anza nalo.

Mtumie na mfanyabiashara mwenzako mwenye vijana dukani. Kesho njema, mauzo mema!