SOMO LA WIKI: Mdudu anayetikisa soko la machungwa

Wanaofuatilia bei ya juisi ya machungwa hawana budi kuijua kalenda ya mdudu Diaphorina citri. Huko Florida, Marekani, mdudu huyu hutaga mayai kwenye machipukizi pekee. Michungwa ikichipua baada ya baridi, idadi yake hupanda. Majani yakikomaa, hushuka. Ndiyo maana wakulima hupulizia dawa kabla miti haijachipua.

Mdudu hueneza ugonjwa uliogunduliwa huko mwaka 2005. Mavuno, yakiathiriwa pia na vimbunga, yalishuka kutoka masanduku milioni 242 msimu wa 2003/04 hadi chini ya milioni 16 msimu wa 2022/23.

Mnunuzi asidanganywe na wadudu kupungua kwa msimu: mti ulioambukizwa hauponi.