Mtoto Aliyeogopa Kurudi Nyumbani

Somo: Waefeso 6:1-4, Wakolosai 3:21, Luka 15:11-24

Leo tunazungumza juu ya watoto na utii. Nitaanza na nyumba yangu, maana si vizuri nihubiri juu ya watoto wenu huku nikificha wa kwangu.

Mwezi uliopita nilimtuma kijana wangu wa miaka tisa dukani, hapa sokoni Kwa Vonza, na shilingi 500. Giza likaingia, hajarudi. Mama yake akaanza kulia. Tulimpata saa mbili na nusu kwa susu yake, amejificha nyuma ya ghala. Pesa zilikuwa zimeanguka njiani. Nikamuuliza, mbona hukuja kuniambia? Akajibu, "Nilikuogopa, Baba."

Neno hilo lilinikata. Mimi nilisomea biashara, na nyumbani nimekuwa kama meneja: kosa hili, adhabu hii. Nilidhani nina mtoto mtiifu, kumbe nina mtoto mwoga. Mfanyakazi anayemwogopa mkubwa wake haachi kukosea, anaacha kusema.

1. Utii ni amri. Paulo hawaombi watoto, anawaagiza wawatii wazazi katika Bwana. Kuna kazi ya nyumbani, kuna ibada, kuna saa ya kulala. Mtoto anayeachiwa kuamua kila kitu hajapendwa, ametelekezwa.

2. Baba naye ana amri yake. Sisi wanaume mstari wa 1 tunausoma kwa sauti, wa 4 tunaunong'ona. Hapo tunakatazwa kuwachokoza watoto, na Wakolosai inatupa sababu: watavunjika moyo. Najua kuna mzee ataniuliza, "Pasta, na fimbo ya Mithali 13:24?" Mzee wangu, mstari huo unamhusu mzazi anayependa, anayerekebisha mapema. Haumhusu anayemalizia hasira zake kwa mtoto.

3. Upendo hutangulia. Soma Kutoka 20:2. Kabla ya kutoa amri hata moja, Mungu anawakumbusha Israeli kwamba ndiye aliyewatoa Misri. Aliokoa kwanza, akaagiza baadaye. Utii wa woga hauendi mbali. Tunawaona vijana wanaokuja kusoma hapa SEKU: aliyetii kwa kuogopa tu, utii wake unaishia steji alikoshukia matatu.

Yule mwana mpotevu alipoteza mali nyingi kuliko shilingi 500. Lakini alipokwama, alikumbuka nyumbani kwa baba yake, akainuka, akarudi. Wangu alikumbuka baba, akajificha.

Kesho yake asubuhi nilimwomba msamaha. Jumamosi tukaenda pamoja kuchota maji na punda, nikamweleza pia kwamba kujificha kulimuumiza mama yake. Alinielewa. Lakini bado akisikia pikipiki yangu ikiingia, ananyamaza kidogo. Deni hilo sijamaliza kulilipa.

Kazi ya wiki hii: muulize kila mtoto wako, "Ukikosea, utaniambia?" Asipojibu haraka, usimkaripie. Jiulize wewe.

Tuombe: Baba, ulitupokea tukiwa wakosaji. Tufundishe kuwa wazazi ambao watoto wetu wataweza kurudi kwao. Katika jina la Yesu, Amina.