Dondoo muhimu: Tambi za mchele za Kithai, kwa dagaa wa Mwaloni

Usizichemshe. Tambi bapa za mchele (gramu 200 kwa watu 2) ziloweke kwenye maji ya kawaida kama nusu saa, mpaka zipinde bila kukatika, ila ukizitafuna bado zina ugumu. Zitamalizia kuiva kwenye karai.

Wathai hutia uduvi mkavu. Sisi tuna dagaa. Ukienda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ulizia waliokaushwa kwenye chanja. Walioanikwa chini huja na mchanga, na mchanga ukishaingia kwenye tambi hautoki. Toa vichwa, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, uwatwange kidogo tu.

Sosi: vijiko 3 vya ukwaju mzito, 3 vya sukari guru, 3 vya sosi ya soya. Chemsha, onja, ndipo ufikirie chumvi.

Moto uwe mkali, na hapa mkaa uliokolea unafanya kazi nzuri. Kaanga sahani 2 kwa mkupuo. Karai likijaa, utapata bokoboko. Anza na kitunguu saumu na dagaa, kisha tambi na sosi, halafu zisogeze pembeni uvunjie mayai. Ukiongeza sangara, akaangwe peke yake, awekwe juu mwishoni, la sivyo atasambaratika.

Machipukizi ya choroko hayana haja ya kununuliwa: loweka choroko usiku kucha, funika kwa kitambaa kibichi siku 2 au 3, suuza asubuhi na jioni. Yatie ukishaepua. Karanga za kutwanga, ndimu na pilipili viwe mezani, kila mtu ajipimie.