Fildi ya mitindo kwa fundi wa Bariadi

SWALI: Msomaji wa Bariadi aliyejifunza ushonaji anataka fildi kwa mbunifu wa mavazi Dar es Salaam. Aanzie wapi?

JIBU: Aanzie na kazi za mikono yake. Barua iwe ya ukurasa mmoja, iambatane na picha chache za nguo alizoshona, na moja ionyeshe mshono kwa ndani, maana huko ndiko fundi anakojulikana.

Maonyesho ya Swahili Fashion Week, yaliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008, humsaidia kuwafahamu wabunifu kabla ya kuandika.

Kwenye usaili ajiandae kupewa kitambaa na mkasi. Asiuonee haya mkoa wake wa Simiyu: anatoka kwenye pamba yenyewe, aieleze tangu shambani. Nauli, malazi na posho aviulize mapema.