Chumba cha Mgonjwa Kina Mlango



Siku hizi mtu hajamaliza hata kuandikishwa mapokezi hospitalini, na picha yake tayari iko Facebook au imeenea katika makundi ya WhatsApp. Mara nyingi aliyeipeleka huko si adui. Ni mume wake, mke wake au mtoto wake. Mwezi huu tujiulize: kwa nini tunafanya hivyo, na jambo hili linaigusaje ndoa?

Kwa nini tunatangaza?

Kwanza, ni hofu. Anayekesha kando ya kitanda cha mgonjwa huwa mpweke sana. Akisoma "pole" na "tunakuombea" hata usiku wa manane, hupata nguvu.

Pili, ni gharama. Bili ya hospitali huweza kuishinda familia, na ndugu wametawanyika Nairobi, Mombasa, Eldoret hata Ughaibuni. Kwa simu wote hupata habari kwa mara moja, na mchango huja kwa M-Pesa.

Tatu, ni kutaka kuonekana. Tunampiga mgonjwa picha ili ndugu wasiseme hatukwenda kumwona, au ili watu wajue jinsi tunavyompenda.

Sababu mbili za kwanza ni za haki kabisa. Hii ya tatu tujihadhari nayo. Lakini hata sababu njema haituondolei wajibu wa kumwuliza mwenye mwili.

Tuchukue mfano

Mke amelazwa kwa sababu mimba yake imetoka. Mume, kwa mapenzi na uchungu, anampiga picha akiwa na dripu mkononi, anaandika yaliyompata na jina la wodi, kisha anaomba sala. Watu wengi wanamjibu. Lakini mama mzazi wa yule mke anaipata habari kwa jirani. Wafanyakazi wenzake wanajua alikuwa mja mzito, jambo ambalo hakuwa amemwambia yeyote ila mumewe. Akirudi kazini, macho yote yako tumboni mwake.

Mume alitafuta faraja akaipata. Mke alitafuta stara akaikosa. Hatari iko hapa: siku nyingine akisikia maumivu, huenda akanyamaza hata kwa mumewe. Ndoa iliyofika hapo imepata jeraha ambalo daktari halioni.

Injili yatufundisha nini?

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, Yairo hakuficha shida yake. Alimwendea Yesu mbele ya umati akamsihi kwa ajili ya binti yake. Basi kuomba msaada hadharani si kosa. Lakini Yesu alipofika nyumbani na kukuta kelele na vilio, aliwatoa watu wote nje. Aliingia na baba na mama wa mtoto, pamoja na Petro, Yakobo na Yohane tu. Baadaye akawaagiza wasiitangaze habari ile, kisha mtoto apewe chakula. Shida ilisemwa njiani, lakini chumba cha mgonjwa kilifungwa mlango.

Hata sheria ya nchi yatambua jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu na ya familia yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa miongoni mwa habari nyeti. Ikiwa daktari anatakiwa kutunza siri, je, sisi tulioahidiana mbele ya altare kupendana katika afya na katika ugonjwa?

Tufanye nini?

1. Mwulize mgonjwa kwanza. Akikataa, usimlaumu. Kama hawezi kusema, fanya lile unalojua angelipenda.
2. Anza na walio karibu: wazazi, watoto wakubwa, na padre au katekista ili mgonjwa apate Mpako wa Wagonjwa. Wapigie simu.
3. Mkihitaji mchango, yatosha kutaja jina, kiasi kinachohitajika na namba ya mweka hazina. Anayetaka uthibitisho aonyeshwe bili na mweka hazina. Haihitajiki picha ya kidonda.
4. Ukienda kumwona mgonjwa, acha simu mfukoni. Katika wodi kuna vitanda vingine, na wagonjwa wale hawakukupa ruhusa.
5. Ongeeni mambo haya mkiwa wazima.

Maswali ya kujadiliana, mume na mke

- Nikilazwa kesho, ungependa nani wajue, na nani wasijue?
- Je, kuna habari yangu uliyoitangaza ikaniumiza?
- Katika Jumuiya yetu Ndogo Ndogo, tunawezaje kumsaidia mgonjwa bila kumwaibisha?

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu na awafariji wagonjwa wetu wote.