MLEVI ASIFUNGIWE CHUMBANI
Somo la kuelewa na kutibu ugonjwa wa pombe



Katika vikao vya jumuiya huku Voi, Mwatate na hata kule juu Wundanyi, watu hawaniulizi kama pombe ni mbaya. Hilo kila mtu anajua. Swali ninaloletewa sana ni hili: "Mbona mtu ameapa mbele ya wazee, amelia machozi kabisa, na wiki inayofuata yuko palepale kwa mama pima?" Leo tujaribu kulijibu, halafu tuone vile tunaweza kumsaidia mtu huyo bila kumwua. Nasema kumwua kwa sababu jambo hilo linawezekana, tena kwa mikono ya watu wanaompenda.

Si kila anayekunywa ni mgonjwa. Mbangara ilikuwako Taita kabla ya barabara na reli, na wako wazee walioionja kwenye sherehe miaka yote wasipoteze shamba wala mke. Lakini mwaka 2022 NACADA ilifanya uchunguzi nchi nzima ikaona kwamba katika kila Wakenya 20 wa umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja tayari ni mraibu wa pombe. Hebu hesabu watu walioketi kwenye matanga uliyohudhuria mwisho.

Mraibu ni nani basi? Mwaka 1984 daktari mmoja Mmarekani, John Ewing, aliandika maswali manne ambayo hata mtu asiyesoma sana anaweza kuyauliza. Umewahi kuona kwamba inafaa upunguze kunywa? Watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema juu ya pombe? Umewahi kujisikia vibaya moyoni kwa sababu ya kunywa kwako? Umewahi kunywa asubuhi na mapema ili mikono itulie, yaani kutoa loki? Akijibu ndiyo kwa mawili au zaidi, inafaa aonane na daktari au klinikal ofisa. Mimi hilo la nne ndilo linalonishtua. Anayetoa loki kila asubuhi hatafuti raha tena, anatafuta kuwa sawa tu kama wewe na mimi.

Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Pombe hupunguza mwendo wa ubongo. Ikiingia kila siku, ubongo nao hujitetea kwa kujiongezea mwendo. Ni kama dereva wa lori aliyekanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Kwa nje lori linaonekana linakwenda polepole, sawasawa. Sasa ondoa breki ghafla uone. Lori linaruka! Ndivyo mwili wa mlevi wa miaka mingi unavyofanya pombe ikikatwa siku moja. Kiapo alikitoa kwa moyo safi, lakini kiapo hakiondoi mguu kwenye mafuta.

Na hii ndiyo sababu ya kichwa cha somo hili. Familia nyingi zikichoka humfungia mtu chumbani, wengine humpeleka mahali akafungwe kamba, ati pombe imtoke kwa nguvu. Nawaelewa, maanake wamevumilia mengi. Lakini tazama saa. Kuanzia saa kama 6 baada ya kinywaji cha mwisho anaanza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika, na moyo unakwenda mbio. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuugua kifafa maishani. Siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani na kusikia sauti, na homa inapanda. Hapo watu husema amerogwa au ana pepo. Mwombeeni, sikatai, lakini mkiwa kwenye gari mnaenda hospitali. Hali hiyo ya mwisho isipotibiwa inaua.

Kwa hivyo anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani, na zaidi sana kama amewahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha. Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza ubongo kama diazepam, ambayo hupunguzwa kidogo kidogo kwa siku chache, pamoja na vitamini B1. Mlevi mara nyingi hali chakula, na upungufu wa vitamini hiyo unaweza kuharibu kumbukumbu yake moja kwa moja. Dawa ya kutuliza msimnunulie wenyewe dukani. Nayo ina uraibu wake, na ikikutana na pombe inaweza kuzima pumzi.

Dawa za kulevya hazifanani. Arosto ya unga, yaani heroini, inatesa vibaya lakini ni nadra kuua mtu mzima mwenye afya. Hatari yake inakuja baadaye, kwa kuwa aliyekaa mwezi bila unga akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa palepale. Kwa hao kuna methadoni, ambayo huku Pwani ilianza kutolewa Malindi mwaka 2015. Miraa na muguka haina dawa maalum. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kupiga muguka marufuku na mambo yakafika kortini. Lakini marufuku, hata ikisimama, haimtibu kijana ambaye ameshaacha kulala usiku.

Jambo lingine linalofanyika kimyakimya ni kina mama kununua "dawa ya kuacha pombe" na kuitia kwenye chai ya bwana bila yeye kujua. Mara nyingi ni disulfiramu. Dawa hiyo ni halali na ni ya zamani, imetumika tangu miaka ya 1940 ilipojulikana kazi yake huko Denmark. Inazuia ini kumaliza kuvunja pombe, kwa hivyo sumu inajaa mwilini. Akinywa anatapika, uso unawaka, moyo unapiga mbio na presha inashuka. Mwenye kujua ataogopa kunywa, na hiyo ndiyo kazi yake. Asiyejua atakunywa kama kawaida, na mwenye moyo dhaifu anaweza kufa. Apewe kwa kupimwa na kwa ridhaa yake.

Mwili ukishatulia, hapo ndipo matibabu yanaanza. Ushauri nasaha, kikundi cha wenzake walioacha, na kazi ya kushika mikononi. Wengi huanguka tena, kama vile mgonjwa wa presha anavyozidiwa akiacha vidonge. Anarudi kliniki, hafukuzwi nyumbani siku hiyo. Bibi naye aache kumpigia msimamizi wa mkonge simu kusema bwana ana malaria kumbe amelewa. Na mwisho wa mwezi wakubaliane mapema nani atapokea mshahara.

Kama mnafikiria kumpeleka nyumba ya kurekebishia tabia, msilipe kabla ya kuuliza: ina kibali cha NACADA? Usiku kuna nesi? Mgonjwa akiruka kifafa anapelekwa wapi? Wanapiga watu? SHA italipia kiasi gani? Namba ya NACADA ni 1192, na kupiga ni bure.

Maswali ya kuzungumza jumuiyani:
1. Kwenye matanga yetu, aliyeacha pombe anaketi wapi na anapewa kinywaji gani?
2. Mtu akianguka kifafa usiku kijijini kwetu, ni nani mwenye gari, na mafuta yatalipwa na nani?